Pigo Moja la Jembe

Mama yangu, Immakulata, alikuwa mwoga na hakuona haya. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wa watu, aliogopa kila mwanamume aliyevaa kaunda suti. Ukimcheka alikujibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Na alikuwa na sababu. Mwaka sabini na mbili alivuka mpaka kutoka Burundi kukimbia mauaji, akinivuta mkono, huku baba yangu, Nsabimana, amembeba mama yake mzazi mgongoni.

Tulifikia Makere. Wenyeji wa pale ni Waha, na lugha yao na yetu ni ndugu, kwa hiyo baba aliamua tuseme tumetoka Kibondo, wilaya ya jirani. Tukapata shamba kwenye mteremko, tukajenga, tukanyamaza. Wakimbizi walikuwa wakikusanywa kwa lori na kupelekwa kwenye makazi mapya upande wa Tabora. Mama alikuwa amesikia kwamba huko msitu haujafyekwa na simba wanapiga hodi. Lakini zaidi ya simba aliogopa kuhama tena. "Nikihamishwa mara ya pili nitafia njiani," alisema, na kwa hilo hakuna aliyemcheka.

Tuliyemwogopa kuliko wote ni Mzee Bazilio wa ng'ambo ya kijito, kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, jicho la serikali pale kijijini. Bibi yangu, mama yake baba, peke yake ndiye hakuwa na habari. Kila alfajiri alitoka uani, akapiga makofi, akamwamkia mke wa balozi kwa sauti ya kuamsha kijiji: "Mwakeye, Esteri!" Na Bibi Esteri akaitikia kutoka kwake. Mama alikuwa akijibana nyuma ya mlango. Aliona kila salamu, kwa lafudhi yake, inatuuza.

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka uliofuata, salamu haikusikika. Bibi alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, na mwili umekwisha poa.

Mama alifungua kinywa apige yowe. Baba akamziba kwa kiganja.

"Usilie," alinong'ona. "Ukilia watakuja. Wakija watauliza ukoo wake, watataka ndugu zake wa Kibondo waitwe. Tutamwita nani?"

Mama alitikisa kichwa. Macho yake juu ya kile kiganja sijayasahau.

"Jua likizama tutamzika kwenye migomba, sisi wenyewe. Wewe nenda ukalime kama siku zote. Esteri akikuona unalima hatadhani kitu."

"Nikalime? Baba Winifrida, mama yako yumo ndani, hajazikwa!"

Kwetu, kwa Waha na kwa Warundi, maiti akiwa hajazikwa hakuna anayegusa udongo kwa jembe. Si wafiwa tu, ni watu wa mlima mzima. Anayelima siku hiyo amemtukana marehemu, na balaa litakalofuata ni lake na watoto wake. Baba alilijua hilo tangu utotoni.

"Unataka lori?" aliuliza tu.

Mama akachukua jembe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunaficha kifo chenyewe!

Nilimfuata hadi katikati ya shamba la maharage. Aliinua jembe, akalishusha bila kugusa chini. Akainua tena, akashusha. Kisha alifumba macho akapiga. Pigo moja. Udongo ulifunguka. "Nisamehe, mama mkwe," alisema. Ndipo akatazama ng'ambo, kuona kama Esteri amemwona.

Hapakuwa na mtu. Msimu wa kulima, jua limepanda, na kwa kawaida saa zile mteremko ule ulijaa migongo iliyoinama. Tukatazama juu, tukatazama bondeni. Mashamba yote yalikuwa matupu, wala hapakusikika jembe hata moja.

"Wamekwenda kuleta lori," mama alisema. Mimi nilijikojolea pale pale, na msinicheke.

Kisha tukawaona. Wanaume walikuwa wakishuka kwa mstari, majembe begani, Mzee Bazilio mbele. Bibi Esteri alikuwa nyuma yao. Mama akanisukuma nyuma ya mgongo wake. Baba alitoka nyumbani akaja amelegeza mikono, kama mtu aliyekwisha kamatwa.

Bazilio alivua kofia. "Nsabimana, mbona kwenu hamlii?"

Baba alitazama majembe yao.

"Leo Esteri hakusalimiwa. Akaita yeye, kimya. Tukajua. Tumeacha kulima tunangoja kilio chenu, mpaka tumechoka kungoja."

"Mzee wangu," baba alisema, "sisi kwa kweli hatu..."

"Najua mlikotoka. Mama yako alimwambia Esteri kila kitu wiki ile ile mliyofika. Kijito kizima kinajua."

Sijui kama baba alisikia. Bibi Esteri alikuwa ameshamfikia mama, akaona jembe, akaona na udongo mbichi. Mama alipiga magoti.

"Nimelima, Bibi Esteri. Nimelima maiti akiwa ndani."

Mwanamume mmoja alirudi nyuma hatua. Wengine wakatazamana. Pale ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoliogopa lori, maana sasa hata mlima ungeweza kutukataa.

Bazilio aliutazama udongo ule.

"Hakulima," alisema mwishowe. "Ameanza kaburi. Tuchimbe hapa hapa."

Akashusha jembe lake pale jembe la mama lilipopiga. Ndipo mama yangu alipolia, na Esteri akampokea, na kilio kikapanda mlima mzima.

Lori lilikuja baada ya miezi miwili. Bwana mmoja wa kaunda suti alimuuliza Bazilio kuhusu watu wa nyumba yetu. Mama alisimama kando. Bazilio alinyoosha kidole kwenye tuta lililo katikati ya maharage.

"Hawa? Hawa ni wa hapa. Mama yao yule pale."

Yule bwana aliangalia kaburi, akaenda zake.

Mama aliogopa radi, ng'ombe na kaunda suti hadi uzeeni. Lakini alfajiri iliyofuata siku ile ya lori alitoka uani, akapiga makofi, akaita kuvuka kijito kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka: "Mwakeye, Esteri!"