Mustang Mbili na Kibuyu cha Maziwa

Siku niliyoolewa naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, maana nusura iharibiwe na magari mawili ya Kimarekani. Nyinyi mnabishana kwenye simu ni toleo lipi lenye nguvu, la kale au la sasa. Sisi ubishi wetu ulikuwa uani kwetu Bugarama, mimi nikiwa nimeshavaa gauni, na padri kule Nemba ametuma neno kwamba mchana anaondoka kwenda kigango kingine. Tukichelewa, hakuna ndoa siku hiyo.

Waliokuja kunichukua ni kaka wawili wa bwana harusi. Domisiani, mkubwa, alikuwa na Mustang ya miaka ya sitini, aliyoinunua kwa mzungu mchimba visima. Felisi, mdogo wake, alikuwa na ya miaka ya sabini, ndefu na nzito. Ikinguruma, kuku wanakimbilia migombani. Kila mmoja aliapa kwamba sipandi gari jingine ila lake.

"Hiyo yako ni nyepesi mno, kaka. Upepo utaibeba," alisema Felisi.

"Na yako imeshiba kupita kiasi. Kilimani itaomba maji," alijibu mwenzake.

Wahenga walisema fahari wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na nyasi siku ile nilikuwa mimi. Jua lilipanda, nami nilitaka kulia.

Kwa mila yetu siku hiyo bibi harusi ni wa shangazi yake. Shangazi Veneranda akatoka na vibuyu viwili vya maziwa, kavivua vifuniko. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Nendeni navyo garini mpaka njia panda mrudi," alisema. "Atakayerudi na maziwa ndiye atakayembeba mwanangu."

Waliondoka kwa adabu kabisa. Halafu Felisi akataka kumpita kaka yake, na unajua damu ya vijana. Walirudi na vibuyu vitupu, suruali zimelowa maziwa. Watu walicheka mpaka mama yangu akakaa chini. Nami nilicheka, huku nikilitazama jua.

Shangazi alinyoosha mkono. "Leteni funguo." Akawabadilishia, kila mmoja akapewa gari la mwenzake. Mimi akanipandisha katika lile la sitini, na kibuyu kingine, kimejaa pomoni, akakiweka mapajani mwangu.

Mjukuu wangu, Felisi aliendesha kama aliyebeba mtoto mchanga, akiogopa kukwaruza mali ya kaka yake. Tulipofika Nemba padri alikuwa anavaa kofia ya pikipiki. Akaivua, akatufungisha ndoa. Maziwa yalifika yote.

Jioni niliwasikia wale wawili. "Hii yako inakata kona vizuri, sikujua." "Na yako imetulia, kiti chake ni kitanda." Hawakubishana tena.

Basi nakuusia: kabla hujakisifia chako na kukitukana cha mwenzio, kishike chake walau kwa siku moja. Mimi na babu yako tuliishi hivyo. Tukikosana, yeye aliingia jikoni, mimi nikapeleka mbuzi mnadani, na jioni kila mmoja alirudi akimheshimu mwenzake. Nilipata furaha katika ndoa ile, nalisema wazi.

Mungu akupe mwenza wa kucheka naye, akufungulie njia, na kila utakapobisha mlango ukaribishwe ndani.