Amplifaya Mpya ya Melkizedeki

Niliibeba kutoka Istanbul, nimeizungushia sweta, nikaifungua mbele ya maofisa wa forodha mara tatu. Nilipoiweka mezani kwa Mzee Melkizedeki, mtaa wa Misuna, Singida mjini, jambo la kwanza alilofanya ni kuinusa.

"Inanuka duka," alisema. "Imeshawahi kufanya kazi hii?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ni mpya."

"Mpya ndizo zinazokufa." Akaigeuza chali, akatafuta skrubu. Hakuna kitu kilichoingia nyumba ile bila kufunguliwa.

Alikuwa fundi redio kwa miaka arobaini, kibanda chake kikitazamana na soko. Tulifahamiana miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikienda Sekenke kuandika habari za wachimbaji wa dhahabu na rekoda yangu ikakata sauti njiani. Aliitengeneza kwa waya alioutoa kwenye taa ya baiskeli, kisha akanikemea kwa jinsi nilivyokuwa nikiitunza. Tangu hapo kila nikipita Singida nalala kwake. Nimekaa na mafundi wa sauti katika miji mingi, wengine wana vyumba vilivyozibwa kuta kwa pamba. Sijamwona anayesikiliza kama yeye. Hufumba macho, kidole kimoja juu ya meza, na ukizungumza anakiinua.

Na siku zote alisikiliza kaseti moja tu.

Ilirekodiwa mwaka 1996 na mkono wake mwenyewe, kanisani kwao, maikrofoni moja ikining'inia kwa kamba kwenye mbao za paa. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya jimbo, na kwaya yenye watu chini ya arobaini haikupokelewa.

"Waimbaji tulikuwa nao ishirini na saba," aliwahi kunieleza huku akicheka. "Waliobaki walikuwa wajaza mstari. Wanavaa sare, wanachezesha midomo. Kazi yangu siku ya kurekodi ilikuwa kuhakikisha hakuna mjaza mstari anayejisahau akaimba."

Mkewe, Severina, aliyeitwa Mama Stumai, alikuwa kwenye kwaya ile. Alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Picha zake zipo tatu. Sauti yake ipo kwenye kaseti hii tu, ubeti wa pili wa wimbo wa mavuno, sauti nzito kidogo inayopita chini ya zile nyembamba. Kila Jumapili baada ya ibada Melkizedeki aliweka kaseti, akamvalisha mgeni hedifoni, akainua kidole ubeti wa pili ulipofika. "Huyo. Mama Stumai huyo." Mgeni aliitikia kwa kichwa hata kama hakusikia kitu.

Kusikia kulikuwa shida kweli. Spika hakutaka, kwa sababu jirani alikuwa na sabufa iliyotikisa vikombe kabatini. Hedifoni alikuwa nazo nzuri, nyeusi, nzito, alizozipata studio moja ya Dodoma ilipofungwa. Sponji zilipochakaa alizishonea kitambaa cha kanga ya Severina. Lakini hedifoni za aina ile zinahitaji amplifaya yenye nguvu ya kuzisukuma, na yake aliiunda mwenyewe ndani ya kopo la biskuti. Ilivuma kama inzi ndani ya chupa. Wimbo ulisikika juu ya mvumo. Kitu chochote cha chini ya wimbo kilimezwa.

"Kabla sijafa nataka nimsikie bila huyu inzi," aliniambia mwaka juzi. Ndiyo maana niliibeba.

Jumapili ile Lea alikuwepo. Lea ni jirani, anakamua mafuta ya alizeti, na alikuwa kwenye kwaya ile ile. Severina alikuwa anamwita dada, kwa hiyo Melkizedeki kwake ni shemeji.

"Leo shemeji atatufungia mlango," Lea alisema, akijimiminia chai. "Amepata mke mdogo wa Kituruki."

"Wewe kunywa chai unyamaze."

"Nanyamaza. Mbona mwenzake wa kopo hujampa hata taarifa?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachomoa kopo, akachomeka amplifaya mpya, akaivuta kaseti nyuma mpaka mwisho kabisa, kabla ya wimbo. Akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Kimya," alinong'ona. "Jamani, kimya kabisa! Bati linalia. Jua lilikuwa kali siku ile, bati linatanuka. Kuna kuku. Kuna mtu anavuta benchi." Alitabasamu kama mtu aliyerudi nyumbani na kukuta kila kitu mahali pake. "Mwalimu wa kwaya huyo, anasema..."

Kidole kikainuka, kikabaki hewani.

Nilidhani ubeti wa pili umefika, lakini wimbo ulikuwa haujaanza. Alibonyeza, akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena. Mara ya nne alivua hedifoni akanipa.

Nilisikia bati. Nilisikia benchi. Kisha sauti ya mwanamume, kwa mbali: "Mama Stumai bado anaimba, fundi. Anatupotosha." Halafu karibu sana na maikrofoni, sauti ya Melkizedeki akiwa kijana, niliyoitambua kwa jinsi anavyokata maneno:

"Severina! Si nimekwambia? Chezesha midomo tu, sauti usitoe. Unaniharibia kaseti."

Watu wakacheka, wengi, kicheko kilichozunguka kanisa zima. Kikaisha. Mwanamke akajibu:

"Haya."

Wimbo ukaanza. Ubeti wa pili ulipofika ile sauti nzito ikapita chini ya zile nyembamba, safi, kila pumzi inasikika. Haikuwa sauti iliyosema 'haya'. Nilijua ni ya nani, kwa sababu nilikuwa nimeisikia dakika chache nyuma ikimtania mzee.

Nilimtazama Lea. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Ni wewe," Melkizedeki alisema, akifuata macho yangu.

"Ni mimi, shemeji."

"Ulijua."

"Nilikuwa nimesimama begani kwake."

"Miaka kumi na moja unakuja hapa. Nakuvalisha hedifoni. Nasema 'huyo hapo', na wewe unasema ndiyo."

"Ningesemaje? Mara ya kwanza ulikuwa umeshaanza kulia."

"Ungesema!"

"Na wewe je? Maneno ulitamka kwa mdomo wako, mbele ya watu arobaini. Mimi nikukumbushe?"

Nadhani Melkizedeki hakuwa anatudanganya miaka yote ile; alikuwa amesahau. Alikuwa ameyasema maneno yale kwa watu wengi, siku nyingi. Ilikuwa kazi yake. Mkewe alikuwa mmoja wao tu, na kaseti ilitoka nzuri.

"Baadaye lakini aliimba," alisema polepole. "Alikaa kwaya miaka mingine mitano. Nilikuwa namwona."

"Ulikuwa unamwona," Lea alijibu. "Midomo. Hakutoa sauti tena hata siku moja. Nilimwambia, dada, toka basi, unasimama humu unatafuta nini? Akasema akitoka utajua amekasirika."

"Na nyumbani? Hakuwa anaimba nyumbani?"

Alimwuliza Lea, mtu wa nyumba nyingine. Alipoligundua hilo alijifuta uso kwa kiganja.

Alichomoa amplifaya mpya, akachomeka kopo. Inzi akaanza kuvuma. Alisikiliza wimbo wote ameinamisha kichwa, na ubeti wa pili ulipopita kidole hakikuinuka. Nilianza kuifunga amplifaya ndani ya sweta langu. Nilijiona mtu niliyevuka bahari kumletea mwenyeji wangu msiba.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nitaiondoa, mzee."

"Iache hapo. Kwenye kopo hasikiki."

Akairudisha mahali pake mwenyewe, mikono ikitafuta tundu. Akaivuta kaseti nyuma, akaicheza sekunde chache, akaisimamisha kabla ya wimbo. Akarudisha nyuma. Akaicheza. Akasimamisha. Katika lugha ninazozungumza sijapata neno fupi kama lile 'haya' la mtu anayekubali bila kuridhika, na sasa ndilo pekee la mkewe alilokuwa nalo.

Baada ya muda alivua hedifoni, akamnyooshea Lea, kitambaa cha kanga kikiwa kimelowa.

"Msikilize dada yako."

Lea alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Mimi nilimsikia siku ile ile," alisema, akatoka kwenda kuwasha mashine yake.