Kikombe cha Makamu

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, maduka ya Dodoma yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na makamu mkuu wa shule yetu akajinunulia kikombe cha kauri chenye maua ya waridi. Kilikaa peke yake kabatini, ofisi ya walimu. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, na mimi ndiye niliyekatazwa kuliko wote.

Nilikuwa nimetoka Mlali kumzika dada yangu. Nilimuuguza mwenyewe mpaka mwisho, nikamgeuza kitandani, nikamfulia mashuka. Watu walipouliza aliumwa nini nikawaambia UKIMWI, maana nilikuwa nimechoka kudanganya. Niliporudi kazini nikakuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu.

"Ni kwa usalama wetu sote, Mwalimu," makamu akaniambia kwa sauti laini. "Wewe utumie hicho hicho."

Wenzangu wakainamia madaftari ya wanafunzi. Kila nilipoinuka kwenye kiti, makamu alikifuta kwa dawa nikiwa bado sijafika mlangoni. Nilimchukia mwanamke yule mpaka chakula kikawa hakishuki.

Nilikuwa nafundisha fasihi, na muhula ule tulikuwa kwenye tanzia. Niliwaonyesha wanafunzi jinsi watunzi wanavyoisema dhambi kana kwamba ni maradhi: inanuka, inatia doa, inapita mkono kwa mkono, mifugo inakufa, visima vinaharibika. Ndipo watu wanapoanza kumsaka aliyeleta balaa, na wanaanza na wajane na wageni. Anayeapa kwa kelele kwamba atausafisha mji, uchafu umo chumbani kwake. Niliyasema hayo darasani nikimwona makamu tu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mkuu wa shule akaniomba mchezo. Nikaandika tanzia ya mtemi ambaye ng'ombe wa nchi yake wanakwisha, na mwishoni nikaweka desturi ya Ugogoni: maradhi ya mifugo yakizidi, wanawake huvaa nguo za waume zao, wakashika fimbo, wakayafukuza maradhi kwa ngoma hadi mpakani, upande wa machweo, wakayatupa huko. Makamu, ambaye hakuna jukwaa alilowahi kulikimbia, akataka kuwa kiongozi wa wanawake hao. Nikampa. Yeye ndiye angebeba kichwani kikapu kilichofunikwa chenye ugonjwa ndani. Akanishukuru sana.

Kwa ngoma yenyewe nikawaalika akina mama watu wazima wa Ihumwa. Sikufikiria kwamba wale hawaigizi. Kwao, ukishaanza kuyafukuza maradhi, unayafukuza kweli.

"Mjukuu wangu," bibi aliyewaongoza akaniuliza nilipomwamkia, "tunatupa nini?"

"Ni mchezo tu, bibi. Kikapu kitakuwa kitupu."

"Kitupu? Tuje kuwachezea watu? Leta kitu kilichogusa midomo ya watu wa hapa, tukakivunje huko."

Cha uzi mwekundu kilikuwa mezani kwangu. Asubuhi ya siku ya wazazi nikafungua kabati, nikachukua cha waridi, nikakifunika kikapuni.

Saa ya mchezo ikafika. Vumbi lilitimka uwanjani, wazazi wakapiga vigelegele, na makamu akatangulia ndani ya koti la mumewe, kikapu kichwani, akiimba kuliko wote. Tukavuka uwanja mpaka kwenye ua wa minyaa, upande wa magharibi, walimu na wanafunzi wakitufuata. Nikajisogeza karibu. Uso wake nilikuwa nimeungoja kwa hamu.

"Kitoe ukivunje," bibi akaamuru.

Makamu akafunua, akakitoa. Nyuma yetu walimu walikitambua mara moja. Nikasikia minong'ono, kisha mtu akaangua kicheko. Nilifurahi. Nilifurahi mno, na nilitaka acheke kila aliyekuwepo.

Lakini makamu hakupiga kelele. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Majibu yangu ya hospitali. Ni daktari, au ni mume wangu?"

Sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote. Akaniangalia, akagundua kwamba amejifichua mwenyewe, wakati ule ule nilipogundua mimi.

"Vunja!" bibi akahimiza. Makamu akakibamiza kwenye jiwe. Wazazi wakashangilia, wakidhani mchezo umekwisha, lakini bibi akalaza fimbo kukatiza njia. Aliyebeba maradhi harudi kwa watu kabla hajanawa. Akanipa kibuyu cha maji.

"Wewe uliyeleta kikombe, mnawishe."

Nikammwagia. Hakuikinga mikono sawasawa, maji yakawa yanamwagika nje. Nikalazimika kuishika kwa mkono wangu mmoja, na hakuiondoa.

"Dada yako," akasema bila kuinua macho, "aliposhindwa kula, ulikuwa unampa nini?"

Hasira yangu haikuwa imepungua hata kidogo.

"Uji wa uwele," nikamjibu. "Mwepesi. Uache upoe kwanza, maana kooni kutakuwa na vidonda."