Siku Ambazo Mpira Haukuingia

Mdogo wangu wa kike aliichezea timu ya taifa ya Madagaska mpira wa kikapu, na katika mechi ninayoikumbuka kuliko zote hakufunga hata mara moja. Watu wa rika langu wakimtaja, humtaja kwa mitupo yake ya mbali, ile ya mkono wa kushoto iliyokuwa ikipita ndani ya kikapu bila kugusa chuma. Mimi huisimulia ile siku nyingine, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu baba yetu alikuwepo.

Sisi ni watu wa Mahajanga. Babu yake baba alitoka Ngazija, lakini baba mwenyewe alizaliwa Mahajanga, akasoma Kurani hapo, akapata kazi ya kutunza ghala bandarini hapo. Nyumbani alisema nasi Kingazija, mama Kisakalava, na barabarani sote tulisema Kimalagasi kama watu wengine. Kiswahili nimekijia ukubwani, nilipoolewa Unguja, na maneno ya watu nitakayoyaandika humu mengi yao yalisemwa kwa lugha hizo nyingine.

Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kukumbuka zile siku za miaka ya sabini ambapo watu wa asili yetu walivamiwa majumbani mwao. Sitaki kuzieleza kirefu. Jirani yetu, mama mmoja Msakalava aliyeuza mkaa, alitufungia chumbani kwake, akaketi mlangoni akichambua mchele kana kwamba hakuna linalotokea. Ghasia zilipopoa, jamaa zetu wengi walipelekwa Komoro, nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Baba alikataa kwenda.

"Nitarudije mahali nisipotoka?" alisema.

Basi tukaenda kisiwa cha Nosy Be, kwa kina mama, na magodoro mawili na cherehani. Mdogo wangu alikuwa hajaanza shule. Baba alisema hatakanyaga tena Mahajanga, na hakuna aliyembishia.

Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, ndiko baba alikopata kazi penye mitambo ya kukamua mafuta ya langilangi, ikawa nguo zake zinanuka maua hata baada ya kufuliwa. Mimi na mama tulishona. Mdogo wangu alikua haraka, akawa mrefu kuliko wasichana wote wa mtaani, na mrefu wa aibu: alitembea amejikunja, kama mtu anayeogopa kugonga kizingiti. Siku moja mwalimu wa michezo wa shule yake, mwanamke wa nyanda za juu mwenye sauti kavu, alibisha hodi kwetu.

"Nimekuja kumwomba binti yenu," alimwambia baba. "Nataka acheze mpira wa kikapu."

"Kwa nguo gani?" baba aliuliza.

"Hilo mtaamua ninyi. Mimi ninachotaka ni mkono wake."

Baba alimtazama mama, mama akanitazama mimi. Nikasema naweza kumshonea suruali pana ya kitambaa chepesi. Baba akauliza, "Na atafika wapi na mpira huo?"

"Sijui," mwalimu alijibu. "Sitakudanganya. Lakini nimefundisha miaka mingi na sijaona mkono kama ule."

Nadhani ni ule uaminifu wake ndio uliomlainisha baba. Suruali niliishona wiki ile ile.

Mara ya kwanza kumwona akicheza nilisahau kama yule ni mdogo wangu. Aliingia uwanjani amejikunja vilevile, lakini mpira ulipomfikia mgongo ulinyooka, akaruka, na ule mkono ukafunguka juu ya vichwa vya wote. Timu iliyotoka mji wa Diego ilikuwa imezoea kutufunga; siku ile waliondoka wameinamisha vichwa. Watu walimbeba hadi nyumbani. Wiki mbili baadaye tulivuka kwenda Ambanja, upande wa bara, kumtazama tena, na hakuingiza kitu. Alidunda mpira mguuni mwake mwenyewe. Akasimama pembeni akiangalia mikono yake kana kwamba imebadilishwa.

Ikawa ndiyo tabia ya mchezo wake. Watu wa Hell-Ville walitania kwamba mama alizaa pacha, na kabla ya kila mechi mtu angemwuliza, "Leo umekuja wewe au mwenzio?" Mama alicheka. Mdogo wangu hakucheka.

Hata hivyo habari za mkono ule zilifika mji mkuu. Tulisikia majina ya walioitwa timu ya taifa yakisomwa redioni, baba akaongeza sauti kisha akaipunguza haraka, kama mtu aliyesikia jambo la siri. Mdogo wangu alikwenda Antananarivo, akapigwa na baridi, akapewa jezi, na kwenye mashindano ya visiwa jirani akacheza mechi yake ya kwanza nje ya nchi. Tulihadithiwa kwamba alikuwa moto usiozimika. Kwenye mechi ya pili alitolewa mapema. Miaka michache ikapita hivyo: anaitwa, anang'ara, anapotea, anaachwa, anaitwa tena. Kocha mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe ni zawadi ambayo hatujui kama ndani kuna kitu." Mwisho hawakumwita tena, akarudi Nosy Be na begi lake, akasema ameacha.

Wakati ule mimi nilikuwa nikinunua vitambaa vya meza vilivyotariziwa kisiwa jirani cha Nosy Komba na kuwauzia watalii. Nilimchukua tuandamane, angalau abadilishe hewa. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha mama mmoja tukisubiri amalizie kitambaa, mdogo wangu akaanza kusema bila kuulizwa.

"Dada, unajua inakuwaje? Nikikosa mtupo wa kwanza, najua. Nahisi mikono si yangu tena. Na tangu hapo naomba kitu kimoja tu, kocha anitoe."

"Na asipokutoa?"

"Najificha."

"Utajifichaje uwanjani, na urefu huo?"

Alicheka, akajifuta macho. "Unasimama mahali ambapo hakuna atakayekupa mpira. Nimekuwa fundi wa hilo."

Nilimnunulia nazi, tukarudi.

Aliyekuwa na la kumwambia alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Nahodha wa klabu moja ya Mahajanga, muuguzi wa hospitali, mfupi, mnene wa magoti, alikuja Nosy Be kumtembelea dada yake, akafika hadi kwetu. Aliwahi kucheza dhidi ya mdogo wangu. Alikunywa chai, akasifu maandazi, kisha akasema alilolijia: klabu yao inamtaka.

"Klabu ya wapi?" baba aliuliza, ingawa alikwishasikia.

"Mahajanga, baba."

Baba aliweka kikombe chini, akainuka, akatoka nje. Yule muuguzi alibaki ameduwaa mpaka mama alipomweleza. Akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa mtoto," alisema. "Lakini nakumbuka." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Mimi siwezi kuyafuta yaliyopita. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ukija, utakaa kwangu."

Mdogo wangu alikwenda. Baba hakumkataza wala hakumruhusu. Siku ya safari alimbebea begi mpaka kwenye boti, akalikabidhi, akarudi nyumbani.

Yaliyotokea huko mdogo wangu alinisimulia baadaye. Katika mechi zake za mwanzo kwenye klabu, alipotea kama kawaida yake. Mechi ilipoisha alijitenga, amejifunika taulo kichwani. Nahodha akaja kukaa kando yake, akivua viatu.

"Umekosa mara ngapi leo?"

"Mara nyingi."

"Mimi nimekosa maisha yangu yote. Mkono wangu hauna faida, unauona mwenyewe. Mbona mimi sitolewi?"

Mdogo wangu alidhani anataniwa. Lakini mechi iliyofuata akaanza kumtazama, na mechi baada ya hiyo. Akaona jinsi yule mwanamke mfupi alivyojipanga njiani kwa wapinzani wakapoteza mwendo, alivyomwita kila mwenzake, "Nyuma yako! Kulia kwako!", alivyopokea mpira na kuuachia haraka kabla haujapoa. Alitoka jasho kuliko wafungaji wote. "Niligundua," mdogo wangu aliniambia, "kwamba mimi nilikuwa najua kucheza siku nzuri tu. Ile mbaya hakuna aliyenifundisha, wala sikuwahi kumwuliza mtu."

Akaanza kujifunza, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono usio wake. Alikuwa mchezaji mpya mwenye makosa mapya. Lakini timu ya taifa ilipotafuta wachezaji kwa mechi za kirafiki dhidi ya wageni wa kisiwa jirani, alirudishwa. Na mechi hizo zilipangwa zichezwe Mahajanga.

Nilikuwa nimekwishaolewa wakati huo, lakini nilikuwa Nosy Be nikimwuguza mama. Baba alisikia habari akala chakula chake chote, akanawa, ndipo akasema, "Nani atanisindikiza?"

Mama tulimwacha na jirani kwa siku chache, tukasafiri kwa boti, kisha kwa gari siku mbili. Baba alizungumza njia nzima juu ya bei ya vanila, juu ya barabara, juu ya dereva. Tulipofika Belobaka, ambapo mtu anajua kuwa ameshafika mjini, aliacha habari za dereva. Akavua kofia yake, akaivaa tena. Kwenye kituo, mama muuza mkaa, jirani yetu wa zamani, alikuwa anatusubiri. Mdogo wangu alikuwa amemtafuta. Alikuwa amezeeka, macho yakiwa na ukungu. Alimshika baba mikono yote miwili.

"Nyumba yenu bado ipo," alisema. "Wanaoishi ni watu wema. Wamepanda mpapai."

Baba akamwomba maji ya kunywa.

Kesho yake alasiri tulikaa uwanjani sote watatu, mimi, baba na yule jirani. Uwanja ulijaa. Mdogo wangu alipotangazwa watu walipiga kelele, kwani walikuwa wakimjua kutoka klabuni. Alitupa wa kwanza: ukakosa. Wa pili ukagonga chuma. Wa tatu haukufika. Nilimwona akitazama mikono yake, nikajua. Nilitaka kufumba macho.

Nyuma yetu mwanamume mmoja mwenye mfuko wa karanga akapaza sauti, "Mtoeni! Mrudisheni kwao!"

Baba akageuka. Sijui kama yule mtu alikuwa na maana niliyoidhani mimi au alikuwa mshabiki tu aliyekasirika. Baba hakupandisha sauti.

"Kwao ni hapa," alisema. "Amezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Mimi ndiye baba yake."

Yule mtu alimtazama baba, akatazama kofia yake, akashusha mfuko wa karanga.

"Samahani, mzee," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, "Lakini hafungi."

"Naona," baba alijibu. "Na mimi nina macho."

Watu waliotuzunguka wakacheka, na yule mtu naye akacheka, akampa baba karanga. Tulipogeuka kuangalia mchezo, mdogo wangu hakuwa amejificha. Alikuwa katikati kabisa, mikono imetanda, akimzuia mfungaji wao mkubwa, akipiga kelele kwa wenzake. Sauti yake sikuwahi kuisikia uwanjani. Alipopata mpira, wachezaji wawili wa wageni walimrukia, maana walikwishaonywa juu ya ule mkono, naye akauachia chini kwa chini kwa mwenzake aliyebaki peke yake. Ukaingia. Akafanya hivyo tena. Na tena. Wageni hawakuacha kuuogopa mkono ambao siku ile haukuwa na kitu, na yeye aliutumia woga wao mpaka dakika ya mwisho. Tulishinda kwa tofauti ndogo. Kocha hakumtoa.

Alipokuja kwetu, jezi imemganda mgongoni, baba alimpangusa uso kwa kanzu yake mwenyewe. "Hukufunga," alimwambia.

"Sikufunga, baba."

"Umecheza."

Kwa kuwa siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, baba alitaka tuvuke kwenda Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Zamani alikuwa akitupeleka huko siku za sikukuu. Mdogo wangu hakukumbuka, alikuwa mdogo mno. Kwenye kivuko alilala kwenye benchi, goti limevimba, kichwa mapajani mwangu. Baba alisimama akiangalia mji, akinionyesha kwa kidole ghala lake, msikiti, mahali pa mti uliokatwa. Kisha akarudi kukaa nasi.

"Mechi ya Jumapili utafunga?" alimwuliza.

Mdogo wangu alijibu bila kufumbua macho. "Sijui."

Mimi na baba tulikuwa tumepanga kuondoka Ijumaa. Baba akasema, "Basi mama yenu atafutiwe mtu mwingine wa kukaa naye. Nitaondoka baada ya Jumapili."

Jumapili alifunga vizuri, si kwa ajabu. Aliendelea kuichezea nchi kwa miaka kadhaa, na mpaka mwisho zilimjia siku ambazo mpira haukuingia. Tofauti ni kwamba makocha waliacha kuziogopa. Alipoacha kucheza alibaki Mahajanga, akaolewa, akaanza kufundisha wasichana wa mtaani alasiri, wenye suruali na wenye kaptura. Mama alipofariki, baba alimfuata huko, akapanga vyumba viwili karibu na msikiti wake wa zamani, na huko ndiko alikozeekea.

Mwaka juzi nilikwenda kuwatazama hao wasichana. Mmoja, mwembamba, alikosa mtupo, akakosa mwingine, akaanza kusogea pembeni ya uwanja. Mdogo wangu alipuliza filimbi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza. "Mchezo uko huku. Njoo."