Tochi Iliyotaka Namba za Wateja

Saa mbili asubuhi, msusi anafuta kioo cha saluni yake yenye viti viwili. Mteja wa kwanza ameshakaa, kajifunika kitambaa hadi kwenye nyusi.

"Vua tu, mpenzi. Tuko sisi kwa sisi na kioo, na kioo hakina mdomo."

Mteja anacheka, anavua.

Msusi huyu, mama wa watoto watatu, maarufu kwa jina la Mkono Mwepesi, husuka mitindo yote. Lakini wanaomfuata kutoka mbali ni wanawake walionyonyoka nywele baada ya kujifungua au kuugua. Siku njema huhudumia watano. Huwapiga picha za utosi, waone nywele zinavyorudi.

Picha hizo ndizo zilizomponza mwaka jana, alipoweka kwenye simu programu ya kupamba picha. Iliomba kuingia kwenye picha zote, ikaomba na namba za watu.

"Nikawa nabonyeza ruhusu, ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi," anasema.

Haikupita wiki, programu ikatuma tangazo lake kwa kila namba aliyoihifadhi, likiwa na picha ambayo ilijiokotea humo simuni: utosi wa mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Uso haukuonekana. Hereni zilionekana, na hereni za mwalimu nani asiyezijua?

Mwalimu alikuja mbio. "Shoga, kichwa changu kimefika hadi kwa wifi yangu!"

"Nilitamani ardhi ipasuke," msusi anakumbuka. "Kusuka anaweza yeyote. Mimi watu wananifuata kwa sababu ya siri."

Hakujitetea. Aliomba radhi, akawapigia watu mmoja mmoja wafute ile picha. Hata hivyo, wateja wanne walimhama.

Hasira zilipopoa, mwalimu mwenyewe alivuta kiti, wakaipekua simu pamoja: kila programu na ruhusa zake. Ile ya picha ikawa ya kwanza kufutwa.

"Tukakuta tochi nayo inataka namba za watu!" Msusi anacheka hadi kitana kinamdondoka. "Tochi! Impigie nani?"

"Mgeni akiomba maji ya kunywa, humpi ufunguo wa chumbani," anadakia mwalimu, ambaye sasa amefika na kukaa kiti cha pili.

Siku hizi picha hupigwa kwa simu ya mteja mwenyewe. Watatu kati ya wale wanne wamerudi, na ameongezeka mmoja: wifi wa mwalimu. Alikuja kimya kimya, akavua kilemba. Naye alikuwa na upara miaka miwili, akidhani yuko peke yake.

"Andika, ila jina langu uliache hapahapa saluni," wifi huyo anamwambia mwandishi wa habari hii.

Msusi sasa anataka kukodi chumba cha jirani aongeze viti, na kuwaalika wateja wapekue simu zao wanaposukwa.

"Kusuka ni kazi ya saa nyingi, na mikono ya mteja imekaa bure," anasema. "Mimi nishughulike na kichwa, yeye na simu yake. Akitoka hapa, vyote viwili viwe vimetulia."