Mwanafunzi Aliyeandika Kila Neno

Nafundisha sheria ya familia katika chuo kimoja hapa Mwanza, na kila mwaka tukifika kwenye ukatili wa majumbani darasa hubadilika. Mimi ni Mwislamu, binti wa fundi cherehani wa mjini, na wanafunzi wanalijua hilo. Wanaume wa dini yangu hunisikiliza kwa wasiwasi, wasije wakaaibishwa mbele ya wenzao Wakristo. Wanawake wa dini yangu huinamisha vichwa.

Mwaka mmoja alikuwepo mwanafunzi mtu mzima, aliyeacha kufundisha shule ya msingi ili asome sheria. Alikuwa na mke na binti mdogo. Wenzake walipobishana kuhusu ile aya ya Kurani ya kumpiga mke, inayotajwa kila mara mada hii inapofika, yeye ndiye aliyewatuliza. Alisema kwa sauti yake ya upole kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mke, na kwamba Sheria ya Ndoa haimpi mtu yeyote haki ya kumchapa mwenzi wake, kwa hiyo dini na sheria hazina ugomvi. Nilimpenda siku ile kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi aliyemwelewa.

Baadaye tukaingia kwenye ushahidi. Niliwaeleza kwa nini kesi nyingi za wake hufia njiani: hakuna ripoti ya daktari, hakuna ndugu aliyeona, hakuna jirani aliyesikia. Nilitaka mawakili wa kesho wayajue mapengo hayo ili wayazibe. Yeye aliandika kila neno. Mara moja aliniomba nirudie sehemu ya daktari, nikarudia polepole ili aipate vizuri.

Ramadhani ilipoingia alinialika futari mimi na walimu wenzangu wawili. Alikuwa amehamia Kisesa karibuni, nyumba ya peke yake nyuma ya mawe makubwa, mbali na barabara. Tulipoegesha gari nilishangaa jinsi kulivyokuwa kimya. Hata redio ya mtu haikusikika.

Mkewe alitupokea kwa shikamoo, akatandika mkeka, akaleta uji, tambi, magimbi na sato wa kukaanga. Alikuwa msichana hasa, mwembamba, na hakuketi hata mara moja. Tukiwa tunakula, mtoto aliangusha kikombe, uji ukasambaa mkekani. Mtoto hakuutazama uji. Alimtazama baba yake. Na mama yake, aliyekuwa ameinama na sahani, akabaki vilevile ameinama.

"Haina neno, mama," baba akamwambia mtoto, akitabasamu. "Futa tu."

Niliinuka nikakusanya vyombo. Mwenyeji akasema, "Mwalimu, kaa, wewe ni mgeni." Nikamjibu kwamba sijafika umri wa kufanyiwa kila kitu, nikamfuata mkewe jikoni.

Alikuwa anasuuza bakuli. Bila kugeuka akaniuliza, "Wewe ndiye unayemfundisha ya ndoa?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Huwa ananisomea. Akirudi ananiketisha, ananisomea ulichofundisha." Alizungumza chini chini huku maji yakimwagika. "Ulipofundisha habari ya ndugu walioona, mdogo wangu niliyekuwa nakaa naye akarudishwa Musoma. Ulipofundisha majirani, tukahama Buzuruga tukaja huku. Ulipofundisha daktari, ndipo akaacha kuniachia alama."

Sebuleni nilimsikia akiwachekesha wenzangu.

"Zamani alikuwa anapiga kwa hasira," mke akaendelea. "Hasira huwa zinaisha. Sasa hana hasira hata kidogo."

Nilimwambia kuna mahali ningeweza kumpeleka, hata jioni ileile, yeye na mtoto. Akatikisa kichwa.

"Si leo. Ukionyesha umejua, nitakayekiona cha moto ni mimi."

Kwa hiyo nilirudi sebuleni nikala tende. Nikamshukuru mwenyeji kwa futari, akatusindikiza hadi kwenye gari akiwa amembeba mtoto. Jumatatu nikaingia darasani, naye alikuwa mstari wa mbele, kalamu mkononi, akinisubiri nianze. Nilifundisha mirathi. Sikumbuki nilisema nini.

Nilikuwa namfahamu ustadhati mmoja anayewasomesha wanawake darsa huko Kisesa. Nilimweleza habari yote. Hakuuliza maswali mengi. Alikwenda kwenye ile nyumba akamwomba mume, kwa heshima zote, amruhusu mkewe ahudhurie darsa la akina mama. Mume mwenye sifa kama yake asingeweza kukataa. Mwanamke akahudhuria, akarudi nyumbani. Akahudhuria tena, akarudi. Baada ya Idi alihudhuria na mtoto, na kutoka hapo ustadhati akawapandisha basi la Musoma, kwao.

Kesho yake mume alikuja ofisini kwangu. Alibisha hodi, akaamkia, akasubiri nimkaribishe kiti.

"Mwalimu, ulikula futari yangu," akasema.

"Nilikula. Aliipika yeye."

Alitabasamu, akainama kidogo kama anayeaga msibani, akatoka. Kwa majuma mengi baada ya hapo sikumruhusu binti yangu kutoka shule peke yake.

Shauri la talaka lilipelekwa baraza la usuluhishi la msikitini. Nilikaa nyuma na ustadhati. Mume alijitetea mwenyewe, na alijitetea vizuri. Alimuuliza mkewe kama ana ripoti ya daktari. Alimuuliza jirani gani alisikia. Aliuliza kwa mpangilio niliowafundisha, akitua pale ninapotua mimi. Ila kulikuwa na jambo asilolitazamia. Yule mdogo wa mkewe, aliyemrudisha Musoma, alikuwa amekuja. Akasimama akasema alichokiona walipokuwa wakiishi Buzuruga, na alikisema bila kulia.

Mume alipoanza kumbana kwa maswali, sheikh aliyeongoza baraza alimzuia.

"Kijana, hapa si mahakamani. Sisi tunatazama kama nyumba ipo au haipo." Akamgeukia mke. "Ipo, binti yangu?"

"Haipo, sheikh."

Baraza likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, na baadaye mahakama ikavunja ndoa.

Yeye aliendelea na masomo. Hakuna aliyemshitaki kwa lolote, na chuo hakikuwa na cha kumfanya. Kwenye mtihani wa mwisho nilikuwa nimetunga swali la ukatili wa majumbani. Karatasi hazina majina, lakini mwandiko wake nilikuwa naujua. Nilisoma jibu lake mara kadhaa nikitafuta kosa. Sikulipata. Nikampa alama alizostahili, nikachukua karatasi iliyofuata.

Siku hizi ni wakili. Mkewe wa zamani anashona nguo Musoma, na hunipigia simu mara mojamoja kunijulia hali. Juzi alipiga mchana, nikiwa natoka darasani. Alisema baba mtoto ameomba kumchukua binti yake wakati wa likizo, na ameomba kwa barua nzuri, ya kisheria.

"Anayo haki hiyo, mwalimu?"

Nikamwambia sheria inamruhusu kuomba, na kwamba tutakwenda kupinga pamoja.

"Mtoto anasema anataka kwenda," akasema.