Kabichi Changa za Madame Mariette

Madame Mariette alikuwa mwalimu mpole, ila usiguse bustani ya shule. Pale Kimemi, mtaa wa Butembo, kila mtoto wa darasa lake alikuwa na tuta la kabichi, na yeye mwenyewe la kwake, na ole wake atakayechuma kabla hazijafunga vichwa.

Siku moja akamkuta Victoire, mtoto aliyekimbia vita upande wa Beni, ameng'oa tuta lake zima. Miche yenyewe ilikuwa haijapita kiganja.

"We mutoto, uko na wazimu? Hauwezi kungoya?" akamfokea, akampokonya kitenge chenye majani.

Victoire hakulia. "Madame, kwetu tulingoya. Ilikomala muzuri sana. Sijue nani alikula."

 Mariette akamrudishia kitenge, lakini hasira haikumtoka. Mtoto gani huyu asiye na subira?

Kisha pikipiki zikaanza kuingia Butembo kutoka njia ya Kanyabayonga, ambako vita vilikuwa vimefika, zimebeba magodoro, masufuria, na mabibi waliofungwa kwa vitenge wasianguke. Direkta akafunga shule. Watu wakawa wanaulizana wakimbilie wapi, maana hata Beni watu wanachinjwa mashambani.

Mariette alirudi shuleni kuchukua tu majembe. Akili ilipomrudia, alikuwa amepiga magoti, anang'oa kabichi ndogo kama ngumi na kuzijaza kitengeni. Akageuka kutazama alikotoka. Tuta lake mwenyewe alikuwa ameshaling'oa lote. Hapo alipopiga magoti palikuwa kwenye matuta ya watoto.